Gurudumu la ndoo, draglaini au malori? Kuchagua mfumo wa mgodi wa lignaiti unaolisha kituo cha umeme

Mgodi wa lignaiti, yaani makaa machanga, ukitajwa, macho ya wengi huenda moja kwa moja kwenye mashine. Picha ya mtambo wa gurudumu la ndoo, wenye kimo kinachokaribia mita 100, humfanya mtu aamini kwamba uamuzi mkubwa ni kununua mtambo upi. Mimi naanzia kwingine. Kinachoamua mfumo wa kuchimba ni kifusi, yaani mchanga, mfinyanzi na mawe yaliyolala juu ya makaa: kina unene gani, kina ugumu gani, kina maji kiasi gani, na utakipeleka wapi. Kinachofuata ni umri wa kituo cha umeme kitakacholishwa. Mashine ni jibu la maswali hayo mawili, na anayeitanguliza hujikuta miaka 20 baadaye akiulazimisha mgodi uifuate mashine.

Nitalinganisha mifumo mitatu inayotumika sana duniani, na mmoja wa nne ambao ni wa mahali pachache lakini una la kufundisha. Nawaandikia wanaokaa kwenye meza ya uamuzi, na pia wanaoishi karibu na mahali shimo litakapochimbwa, kwa sababu nao wana haki ya kujua kila mfumo unawaachia nini.

Kwa nini mgodi na kituo ni chanda na pete

Lignaiti ni makaa machanga yaliyojaa maji. Katika Latrobe Valley, jimbo la Victoria nchini Australia, maji huzidi asilimia 60 ya uzito wa makaa yanapotoka ardhini. Katika eneo la Rhineland, Ujerumani, ni kati ya asilimia 50 na 60. Nishati yake ni ndogo vilevile: kilo moja ya lignaiti ya Rhineland hutoa megajuli 8 hadi 10 hivi, ilhali makaa ya mawe magumu yaliyo mazuri hutoa 25 au zaidi. Ya North Dakota, Marekani, ni bora, karibu megajuli 15. Ya Afşin-Elbistan, Uturuki, hayafiki 5.

Kuyasafirisha mbali ni kuyalipia maji nauli. Isitoshe, yakikaa wazi hukauka, hupasuka na kuwa vumbi, hujipasha joto, na yasipoangaliwa huwaka yenyewe. Ndiyo maana akiba kituoni huwa ya siku chache tu. Kituo hujengwa kando ya shimo, boila husanifiwa kwa ajili ya makaa ya shimo hilohilo, na tangu siku hiyo mmoja akikwama na mwenzake hukwama.

Tupige hesabu, kwa sababu bila tarakimu watu hawauoni ukubwa wa kazi yenyewe. Chukua kituo cha megawati 1,000 chenye ufanisi wa asilimia 38, kinachochoma makaa ya megajuli 9 kwa kilo. Kila sekunde boila zinahitaji megajuli 2,630 za joto, sawa na kilo 292 za makaa. Kwa saa ni zaidi ya tani 1,000, na kwa siku ni tani 25,000. Hayo ni makaa peke yake. Kama kila tani ya makaa imefunikwa na mita 4 za ujazo za kifusi, mgodi unapaswa kuhamisha mita za ujazo 100,000 za udongo kila siku ya Mungu, mvua ije jua liwake. Kwa uzito, kifusi hicho ni kama mara nane ya makaa. Mgodi wa lignaiti ni kazi ya kuhamisha udongo ambayo huzaa makaa pembeni, na ndiyo sababu nasema kifusi ndicho kinachochagua mashine.

Gurudumu la ndoo na mikanda

Huu ndio mfumo wa mashimo makubwa ya Ulaya: Hambach na Garzweiler kule Ujerumani, Bełchatów nchini Poland. Gurudumu linazunguka, ndoo zinakwangua ukuta, udongo unaangukia kwenye mkanda, mkanda unaukabidhi kwa mkanda mwingine, na upande wa pili wa shimo mtambo wa kumwagia unaushusha mahali ambapo makaa yameshatolewa. Hakuna kusimama na hakuna kurudi mtupu. Mtambo wa Bagger 288, uliokamilika mwaka 1978, una uzito wa tani 13,500, gurudumu lenye kipenyo cha zaidi ya mita 21 na ndoo 18, na uwezo wa mita za ujazo 240,000 kwa siku. Mashine moja inaweza kufanya zaidi ya maradufu ya kazi niliyoihesabu hapo juu, ikiongozwa na watu wachache tu kwa zamu.

Nguvu yake ya pili ni umeme. Mfumo mzima unaendeshwa na umeme wa kituo jirani, hivyo bei ya dizeli haiutikisi. Ya tatu ni mwinuko. Mkanda unaweza kupanda mteremko wa nyuzi 16 hivi. Kutoka kina cha mita 200, huo ni urefu wa mita 700 na ushee ukienda moja kwa moja, ingawa kwa kweli mikanda hupitia ngazi moja baada ya nyingine na safari huwa ndefu zaidi. Lori likipanda barabara yenye mwinuko wa asilimia 8 linahitaji kilomita 2.5 kwa kina hichohicho, huku likiubeba uzito wake lenyewe kwenda na kurudi. Hambach ni shimo lenye kina cha mamia ya mita, na kila tani ya makaa yake inadai mita 6 hivi za ujazo za kifusi. Kwa kina na uwiano huo malori yangekula dizeli hadi umeme ukose faida.

Lakini mtambo huu unataka ardhi laini: mchanga, kokoto, mfinyanzi usionata kupita kiasi. Mwamba ukiwa mgumu, meno ya ndoo huisha haraka na mtambo mzima hutetemeka kwa namna ambayo haukusanifiwa kuivumilia. Mfano wa kujifunza uko Neyveli, jimbo la Tamil Nadu nchini India. Mgodi ulianza mwaka 1957, na mitambo ya gurudumu ikakutana na mchangamawe mgumu unaosaga meno kama msasa. Suluhisho lilikuwa kutoboa na kulipua kwanza, kisha gurudumu lifuate kukusanya. Inawezekana, na Neyveli imefua umeme kwa njia hiyo kwa miongo mingi, ila hapo unalipia mifumo miwili kufanya kazi ya mmoja. Mfinyanzi unaonata nao una balaa lake: hugandia ndani ya ndoo, huziba mahali pa kuangukia, na mvua ikinyesha zamu nzima huishia kukwangua matope.

Kuna na suala la kushindwa kugeuka. Uso wa mgodi wa namna hii una urefu wa kilomita kadhaa na mikanda imepangwa sambamba nao, kwa hiyo unasonga mbele kwa mstari uliochorwa miongo iliyotangulia. Bagger 288 ilipohamishwa mwaka 2001 kutoka Hambach hadi Garzweiler, safari ya kilomita 22 ilichukua karibu wiki tatu. Watu wa vijiji vya Garzweiler wanalijua hilo kuliko mhandisi yeyote. Kanisa la Immerath lilibomolewa Januari 2018, na Lützerath kiliondolewa Januari 2023. Makubaliano ya mwaka 2022 ya kufunga mapema yaliviokoa vijiji vingine vitano vilivyokuwa kwenye mstari, lakini wakati huo wakazi wake wengi walikuwa wamekwisha kuhama. Mkaguzi wa mradi anayeandika tu “uhamisho wa wakazi” kwenye jedwali la gharama anapaswa kukumbuka kwamba kwa mfumo huu uhamisho huamuliwa siku mikanda inapochorwa, si siku tingatinga linapofika.

Draglaini

Huu ni mtambo wenye mkono mrefu, mara nyingi unaokaribia mita 100, na ndoo inayoning'inia kwa kamba za chuma. Ndoo hurushwa mbele, huburutwa kuelekea mtambo ikijaa kifusi, kisha mkono hugeuka na kukimwaga kwenye mfereji wa jana ambao makaa yake yametolewa. Mtambo hauna magurudumu. Hutembea kwa viatu viwili vikubwa vilivyo ubavuni, hatua kwa hatua, ukijisogeza kando ya mfereji. Nao unatumia umeme.

Uzuri wake ni kwamba kifusi kinabebwa mara moja tu, na mashine ileile iliyokichimba. Hakuna mkanda, hakuna lori, hakuna barabara ya kifusi. Kwa tabaka la makaa lililolala karibu na tambarare, chini ya kifusi kisichozidi mita 40 au 50 hivi, sioni mfumo wa kuushinda kwa gharama ya kila mita ya ujazo. Ndivyo unavyotumika North Dakota, ambako mgodi wa Falkirk unalisha kituo cha Coal Creek chenye uwezo wa zaidi ya megawati 1,100. Makaa yenyewe huzolewa na mashine ndogo zaidi na kupelekwa kwa malori hadi kwenye kisagio, kazi ambayo ni nyepesi kwa sababu shimo si la kina.

Mimi naupendelea kwa sababu nyingine: ardhi inarudi upesi. Mfereji wa mwaka huu unafunikwa na kifusi cha mwaka ujao, na buldoza zinasawazisha nyuma yake. Kule Marekani sheria ya mwaka 1977 ya migodi ya wazi inataka udongo wa juu wenye rutuba utengwe na kurudishwa juu, umbo la ardhi lirejeshwe karibu na lilivyokuwa, na dhamana ya fedha iwekwe kabla ya kuchimba. Katika maeneo makavu mchimbaji anawajibika kwa uoto kwa miaka 10 baada ya kuupanda. Sheria hiyo inawahusu wote, hata wenye malori, lakini mwenye draglaini anaitimiza kwa urahisi zaidi kwa sababu mashine yake inaziba shimo huku ikichimba.

Udhaifu wake ni kikomo cha mkono. Kifusi kikizidi urefu wa mkono, utalazimika kukirusha mara mbili, au kuleta malori yapunguze tabaka la juu kwanza. Tabaka likiinama sana, au likiwa na mikunjo na mipasuko, draglaini inakosa pa kusimama. Na kwa kuwa ndoo ni moja, siku inapokuwa kwenye matengenezo makubwa hakuna kifusi kinachotoka. Mgodi wenye akili huwa umeshafunua makaa ya wiki kadhaa kabla ya siku hiyo.

Ekskaveta na malori

Huu ndio mfumo ambao kila mchimbaji anaujua. Ekskaveta inapakia, lori la tani 100 au 200 linabeba. Unaweza kuanza na mashine chache, ukaongeza mahitaji yakikua, na ukauza yakipungua. Unaweza kuingia kwenye mwamba mgumu baada ya kulipua. Unaweza kukwepa kijiji, kaburi, au ufa wa ardhi uliogunduliwa jana. Na unaweza kuchagua: ekskaveta ya hadroliki mikononi mwa dereva hodari inatenganisha tabaka jembamba la makaa na udongo uliopo katikati, jambo ambalo gurudumu kubwa haliliwezi.

Uwezo huo wa kuchagua si anasa. Boila ya lignaiti ina tumbo bovu. Ukiilisha makaa yenye udongo mwingi, majivu huongezeka, moto hupoa, na slagi, yaani majivu yaliyoyeyuka, hugandia kwenye mabomba. Katika bonde la Ptolemaida nchini Ugiriki makaa yamepangana kwa matabaka mengi membamba yaliyotenganishwa na udongo wa chokaa, na nishati yake ni megajuli 5 na kidogo. Hapo namna ya kuchimba ndiyo inayoamua kinachoingia motoni. Katika shimo lake la South Field vilitumika vyote: malori na baruti kwa tabaka gumu la juu, magurudumu ya ndoo kwa laini.

Gharama ndiyo inayouma. Turudi kwenye hesabu yetu: mita za ujazo 100,000 za kifusi kwa siku, lori la tani 200 likibeba kama mita 100 za ujazo, zikipimwa kabla ardhi haijachimbwa, ni safari 1,000 kwa siku. Ongeza safari za makaa zisizopungua 125. Kila safari ina dizeli, matairi, dereva, vumbi, na barabara inayotakiwa kumwagiwa maji kiangazi na kuchongwa upya masika. Shimo likizama mita 50 zaidi, kila lori linaongeza zaidi ya mita 600 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi. Kwa hiyo mfumo huu huanza kwa bei nafuu na kupanda kila mwaka, ilhali gurudumu huanza kwa bei ya kutisha na kutulia.

Wapo waliochukua njia ya kati. Katika mgodi wa Mae Moh, jimbo la Lampang nchini Thailand, unaolisha kituo kikubwa cha umeme jirani, ekskaveta na malori huchimba na kubeba umbali mfupi tu hadi kwenye kisagio kilichopo shimoni. Toka hapo mikanda hubeba hadi juu. Unabaki na uhuru wa ekskaveta huku ukilikwepa lile barabara refu la kupanda. Kwa shimo linalozama lenye ardhi ya ugumu uliochanganyika, huu ndio mfumo ambao ningeufikiria kabla ya mingine yote.

Daraja la kifusi

Katika eneo la Lusatia, mashariki mwa Ujerumani, kuna mfumo wa nne: daraja la chuma lenye urefu wa nusu kilomita linaloitwa F60, linalovuka shimo kwa reli. Upande mmoja linachimba kifusi cha hadi mita 60, upande mwingine linakimwaga papo hapo. Kwa kifusi cha unene huo, ardhi laini na tabaka tambarare kabisa, halina mpinzani. Ila halibadiliki hata chembe. La Lichterfeld lilianza kazi mwaka 1991 na kusimamishwa mwaka 1992, baada ya kazi ya mwaka mmoja na ushee, kwa sababu nchi ilikuwa imebadilika na mahitaji ya makaa yake yameporomoka. Leo watu hulipanda kama kivutio cha utalii. Chuma hicho chote kilikuwa kizima, na mgodi ndio uliokufa. Ndiyo maana umri wa kituo ni swali la pili mara tu baada ya kifusi.

Mnyororo na kundi

Watu hulinganisha uwezo wa juu wa mashine na kusahau namna zinavyofungamana. Mfumo wa mikanda ni mnyororo: kimoja kikisimama, vyote husimama. Tuseme gurudumu linapatikana asilimia 85 ya muda, mikanda mitano kila mmoja asilimia 97, na mtambo wa kumwagia asilimia 90. Zidisha zote: unapata asilimia 66 hivi. Kila kipande ni kizuri, ila mnyororo wote unafanya kazi theluthi mbili tu za muda. Malori ni kundi. Likiharibika moja kati ya 20, umepoteza asilimia 5 na kazi inaendelea. Kwa hiyo anayenunua gurudumu lazima anunue pia karakana, mafundi wa mikanda wa zamu ya usiku, vipuri vilivyokaa tayari, na ghala la makaa kati ya mgodi na kituo. Bila hayo atakuwa amenunua nusu ya mfumo.

Upande wa makaa, hatari ya mnyororo ni kubwa zaidi, kwa sababu kifusi kinaweza kusubiri siku mbili lakini boila haisubiri. Mwezi Juni 2012, mto Morwell uliokuwa umechepushwa juu ya mgodi wa Yallourn kule Victoria ulivunja kingo na kuingia shimoni. Mikanda ya makaa iliathirika, na kituo kikashuka hadi kufua sehemu ndogo tu ya umeme wake. Makaa yalikuwapo tele ardhini, yakiwa hayafikiki. Chochote utakachochagua kwa kifusi, njia za makaa ziwe mbili.

Kifusi kidogo kina deni lake

Hapa ndipo ningetaka msomaji apunguze mwendo, kwa sababu karibu kila ulinganisho wa bei unalikosea.

Latrobe Valley ina lignaiti ya ajabu. Makaa yana unene wa zaidi ya mita 100 mahali pengi, na kifusi juu yake ni chembamba, mara nyingi mita 10 hadi 20. Kwa kila tani ya makaa unaondoa chini ya mita moja ya ujazo ya udongo. Ukiweka jedwali la gharama, shimo la namna hiyo linaishinda Hambach kwa mbali. Mfumo wowote utafanya kazi. Huko Yallourn ilifika wakati makaa yakawa yanasukumwa na buldoza tu hadi kwenye kisagio na mkanda.

Sasa jiulize: shimo lenye kina cha mita 100, lililotolewa makaa matupu, utalijaza na nini? Udongo uliouondoa hautoshi hata kufunika kuta zake vizuri. Na kuta hizo ni makaa. Tarehe 9 Februari 2014 moto wa nyikani uliingia kwenye mgodi wa Hazelwood na kuwasha makaa yaliyokuwa wazi katika sehemu ambazo zilikuwa hazichimbwi tena. Uliwaka siku 45. Mji wa Morwell, ulio ukingoni kabisa mwa shimo, ulivuta moshi na majivu muda wote huo, na wazee, watoto na wajawazito wakashauriwa waondoke kwa muda. Kituo chenyewe, cha megawati 1,600, kilifungwa Machi 2017, miezi mitano tu baada ya kutangazwa. Shimo likabaki, na maji yakawa ndiyo kitu pekee kinachopatikana kwa wingi wa kutosha kulijaza.

Kwa hiyo uwiano mdogo wa kifusi ni mkopo. Unachookoa kila siku ya uchimbaji utadaiwa mwishoni, na wakati huo hakuna tena umeme wa kuuza. Linganisha na mgodi wa draglaini wenye makaa membamba: gharama yake kwa kila tani ni kubwa zaidi, ila siku ya mwisho linabaki shimo moja la mfereji wa mwisho. Hambach iko katikati. Kifusi cha miaka ya mwanzo hakikuwa na shimo la kukipokea, kikarundikwa nje na kuwa kilima cha Sophienhöhe, kinachoinuka karibu mita 200 juu ya tambarare. Bełchatów nayo ina kilima cha Kamieńsk, ambako watu wanateleza kwenye theluji. Udongo ulio kwenye vilima hivyo hauko shimoni, na mpango wa Hambach ni kulijaza shimo maji kutoka mto Rhine kuanzia mwaka 2030, kazi inayokadiriwa kuchukua miaka 40.

Kuta na maji

Mfinyanzi laini chini ya kifusi kizito ni hatari kwa mifumo yote, ila haiumizi yote kwa namna moja. Juni 2017 ukuta wa mgodi wa Amyntaio, Ugiriki, uliporomoka. Zilikuwa mita za ujazo milioni 80 hivi, na kijiji jirani cha Anargyroi kikahamishwa. Malori hukimbia, mtambo wa tani maelfu haukimbii. Mwaka 2011 kule Çöllolar, Afşin-Elbistan, maporomoko mawili ndani ya siku chache yaliwaua wafanyakazi 11, na wengi wao hawakupatikana tena. Visima vya kushusha maji ya ardhini vinatakiwa kutangulia uchimbaji kwa miaka, pembe ya kuta ipangwe na wataalamu wasiolipwa kwa tani, na ukuta upimwe kila siku ukionyesha dalili ya kusogea. Neyveli ina maji yenye shinikizo chini ya makaa. Pampu zikisimama, sakafu ya shimo inaweza kuinuliwa. Gharama hiyo ya pampu iko palepale uwe na gurudumu au malori, hivyo isikuchanganye kwenye ulinganisho. Iweke pembeni kama gharama ya mahali.

Mimi ningechagua hivi

Kifusi laini, kinene, uwiano wa mita 3 za ujazo au zaidi kwa kila tani ya makaa, na kituo kikubwa chenye mkataba wa hakika wa miaka 30: gurudumu la ndoo na mikanda. Sharti la mkataba ndilo gumu. Ujerumani, ambayo iliujenga ustadi huu kuliko nchi nyingine yoyote, imejiwekea kisheria mwaka 2038 kuwa kikomo cha makaa, na Rhineland imekubali 2030. Kila megawati-saa ya lignaiti hutoa takriban tani moja ya kaboni dioksidi, na kwa vituo vya zamani huzidi. Kwa mgodi mpya kabisa leo, siioni nchi ambayo inaweza kumhakikishia mchimbaji miaka hiyo 30, kwa hiyo sioni sababu ya kununua mtambo mpya wa tani 13,000.

Makaa tambarare, kifusi chini ya mita 50: draglaini, tena ikiwezekana iliyotumika, inayobomolewa na kujengwa upya. Usiilazimishe kwenye ardhi iliyokunjamana.

Ardhi ya ugumu mchanganyiko, matabaka membamba mengi, au kituo ambacho hakijui kitaishi miaka mingapi: ekskaveta na malori, na kisagio chenye mikanda shimo likizidi kina cha mita 100 hivi. Utalipa zaidi kwa kila tani. Ila mfumo huu ndio pekee unaokuruhusu kusimama mwaka wowote bila kubaki na chuma kisichouzika.

Na kabla ya kuongeza mashine yoyote, angalia kituo. Coal Creek walitumia joto la kutupwa la kituo kukausha makaa kabla ya kuyachoma, wakashusha maji kutoka asilimia 38 hadi 29 hivi. Kila tani ya makaa ambayo boila haiihitaji tena ni mita kadhaa za kifusi zisizochimbwa, na akiba hiyo unaipata hata kama mgodi umeshachagua vibaya.

Dhamana ya kufunga shimo iwekwe na chombo kilicho nje ya kampuni, ihesabiwe upya kila baada ya miaka michache kwa ukubwa halisi wa shimo la siku hiyo, na ilipwe kutoka kwenye bei ya umeme tangu tani ya kwanza. Mchimbaji akisema hesabu hiyo inaufanya mradi usilipe, ameshajibu swali la mfumo upi uchaguliwe.